Sabra na Chumvi ya Eda

Mlioanza kusoma leo, sogeeni, nitawaeleza haraka haraka. Mlio nami tangu mwanzo, vumilieni kidogo.

Mwaka 2005, pale Mikindani, Sabra alirudi kwa mama yake, Bi Sharifa, akiwa na talaka moja. Mumewe Rajabu, fundi baiskeli wa Mtwara mjini, alimpiga kwa pampu ya baiskeli mpaka mkono ukavimba, akamtamkia talaka papo hapo. Hasira zilipompoa akaanza kutuma watu: namtaka mke wangu.

Talaka moja mnaijua. Eda ikiwa bado haijaisha, mwanamume anasema tu "nimemrejea", na mke anafunga nguo zake anarudi, atake asitake. Eda ni hedhi tatu. Lakini mwanamke akiwa na mimba, eda yake haiishi mpaka ajifungue.

Na Sabra alikuwa na mimba. Ya Rajabu huyo huyo.

Akaificha. Mara mbili akadanganya kwamba yumo katika siku zake. Wiki iliyopita tulimwacha chumbani kwake mchana, mama yake ameenda msibani Naliendele, na vidonge alivyonunua kwa kificho kwenye duka moja la dawa vinamyeyukia mdomoni.

Haya. Tushike hapo.

"Carlota, nakufa!"

"Hufi. Unatetemeka tu."

Carlota alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, msusi, wazazi wake walivuka Ruvuma wakikimbia vita vya Msumbiji yeye akiwa mgongoni. Yeye peke yake ndiye aliyejua. Mwaka wa nyuma mimba yake mwenyewe ilimharibikia, na hospitalini wakampa vidonge vya namna ile ile vya kumsafisha.

"Hata mie nilitetemeka," alisema, akimfunika kanga ya pili. "Meno yaligongana hivi, ka ka ka. Baridi ya vidonge hiyo, itapita. Utaharisha pia. Usishangae."

"Muuza dawa hakuniambia kitu."

"Yule si alitaka uondoke dukani tu."

Kweli tupu. Yule bwana alimfungia vidonge kwenye kipande cha gazeti, akatazama mlangoni, akasema "kaa nyumbani", basi. Maelezo yote hayo.

Tumbo likaanza kubana. Kwanza kama la siku za kawaida, halafu likashika kiuno, likashuka mapajani. Sabra akauma ncha ya mto ili majirani wasisikie. Damu ilipokuja ilikuja na mabonge, na yeye akadhani utumbo unatoka.

"Carlota, ni nyingi!"

"Itakuwa nyingi. Inazidi ya mwezi. Sasa nisikilize vizuri." Carlota akamshika kidevu. "Vitambaa vikubwa viwili vikilowa chapachapa ndani ya saa moja, na saa inayofuata hivyo hivyo, nakubeba hospitali, utake usitake, na aibu yako hiyo hiyo. Homa ikilala na wewe mpaka kesho, nakubeba. Ukitoa harufu mbaya, nakubeba. Tumbo likiuma lisikubali hata dawa ya maumivu, nakubeba. Vingine vyote tunavumilia."

"Na mama akirudi?"

"Mama akirudi atakukuta uko katika siku zako. Si ndiyo ulichotaka?"

Sabra akavuta kanga mpaka puani. Ndicho alichotaka, na aliona haya kukisikia kikisemwa na mtu mwingine.

Alasiri maumivu yalilegea. Damu ikapungua, ikawa ya kawaida. Carlota akamchemshia uji, akafua vitambaa, akavianika ndani, nyuma ya pazia. Sabra akalia kidogo, akanyamaza, akalia tena. Hakujua analilia nini hasa. Alikuwa amepumua, na kule kupumua ndiko kulikomtia aibu zaidi.

Jioni Bi Sharifa akaingia, vumbi la Naliendele mpaka magotini, kifua kinampiga filimbi kama kawaida yake. Alikuwa na pumu ya miaka mingi, na juu ya pumu hiyo alikuwa anakaanga korosho za kuuza nyuma ya nyumba, moshi wa maganda ukimwingia puani kutwa. Umwambie aache? Thubutu.

"Umepika, mwanangu?"

"Nimepika kisamvu, mama. Chumvi bado."

Hapa niwaeleze wageni. Kwetu huku mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi kwenye chungu. Kuni atachochea, nazi atakuna, atakoroga. Chumvi ataitia mwingine, binti ambaye hajavunja ungo au mama mtu mzima aliyekwisha koma. Akiitia yeye, watakaokula watashikwa na kifua. Na ikiwa ni damu ya mimba iliyoharibika, basi ndiyo balaa kabisa, hicho kifua hakiponi. Nyie mnaocheka, chekeni. Sabra alifundishwa hivyo unyagoni, akiwa amekaa chini miguu ameinyoosha, na mambo ya unyago hayamtoki mtu.

Kwa hiyo mwanamke akisema "chumvi bado", nyumba nzima imeshaelewa.

Bi Sharifa aliganda mlangoni. Halafu akapiga kigelegele, kigelegele cha mtu mwenye pumu, kikakatika katikati kikageuka kikohozi.

"Ya tatu! Alhamdulillahi! Eda imekwisha, mwanangu. Yule mshenzi na apulize pampu yake sasa!"

Akatia chumvi kwa mkono wake mwenyewe, akionja, akicheka. Hata kanga hakuwa amebadili. Kesho yake asubuhi na mapema alikuwa barazani kwa Maalim Mohamedi, anayeamua mambo ya ndoa mtaani, akimpa habari: binti yangu amemaliza.

Sabra alisikia yote hayo akiwa amejikunyata kitandani. Mara mbili za kwanza hakukuwa na hata tone. Alisema tu "chumvi bado" kwa mdomo mkavu, akaacha kusali siku kadhaa, akamwacha mama yake ahesabu. Mara ya tatu ndiyo damu ilikuwepo kweli, na huo ndio ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote.

Mnadhani ndiyo yamekwisha? Ngojeni.

Hedhi ya Sabra tangu usichana ilikuwa haizidi siku tano, na mama yake aliijua. Siku ya tano ikapita. Damu ikasimama asubuhi, mchana ikarudi. Ikawa kahawia, ikawa matone, akashangilia, kisha ikaja nyekundu tena.

"Carlota, mbona haikatiki?"

"Yangu ilikaa wiki mbili na kitu. Inakwenda inarudi."

"Mama ameniuliza leo. Kaniambia, 'Sabra, bado tu? Hedhi gani hii?' Nimwambie nini?"

Carlota akakuna kichwa kwa kitana chake. "Mwambie umetoharika."

"Akisema nitie chumvi?"

Wakatazamana. Carlota naye ni Mmakonde, mambo ya chumvi anayajua.

"Hilo," alisema polepole, "hilo sijui, shoga yangu."

Jioni ile Sabra akakoga josho, akatandika mswala, akasali mbele ya mama yake na damu ikimtiririka. Fikirini. Alipokuwa safi hakusali, na alipokuwa na damu ndipo akasali. Alipoinama kusujudu alitamani asiinuke tena. Hakusoma hata neno moja, alihesabu tu pumzi mpaka apate kutoa salamu.

"Haya, mwanangu, sasa nipikie wewe," alisema Bi Sharifa, ametulia. "Mkono wako umepotea jikoni muda mrefu. Nikaangie yule samaki changu, unitilie na chumvi vizuri, siku hizi kinywa changu hakina ladha."

Sabra akashika kopo la chumvi. Akalitua. Akalishika tena.

Akafikiria kutotia kabisa. Akatia robo ya kijiko, kwa ncha za vidole, uso ameugeuza upande kama mtu anayechinja kuku kwa mara ya kwanza.

"Mbona baridi hivi?" mama yake akauliza baada ya tonge la kwanza. "Hebu niongezee chumvi."

Akaongeza. Mama yake akala, akalamba vidole. Yeye hakuweza kumeza. Alisema tumbo linamsumbua, na angalau hilo lilikuwa kweli.

Siku ya pili yake Bi Sharifa akaamka anakohoa. Siku ya tatu kifua kikabana, akawa anakaa kitako ili apate hewa, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka. Moshi wa korosho, alisema. Upepo wa baharini, alisema. Sabra alisimama pembeni na bakuli la maji ya moto, anajua chumvi ndiyo iliyomfanya hivyo.

Nimemuua mama yangu, aliwaza. Mtoto nimemuua, na sasa mama.

Mnaona jinsi aibu inavyofanya kazi? Mtu akiwa na moja, haimtoshi. Inamtafutia na nyingine.

"Twende zahanati," Carlota akasema. "Wewe kwanza. Yule mama hatakubali kwenda mpaka adondoke, lakini wewe una damu ya siku ngapi hizi? Ukapimwe."

"Watanifunga."

"Mie hawakunifunga."

"Wewe iliharibika yenyewe!"

Carlota akachomeka kitana nyweleni. Neno lile lilimchoma, na Sabra akaona limemchoma. Akataka kulirudisha, limeshatoka.

"Vaa," Carlota alisema tu.

Muuguzi wa zamu aliitwa Yustina, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha. Akamlaza Sabra, akambonyeza tumbo, akampima joto, akampima kwa ndani na glovu mkononi. Akauliza imetokeaje.

"Niliteleza nikichota maji, dada nesi."

"Uliteleza."

"Ndiyo."

Yustina akavua glovu. "Sikiliza, mwanangu. Wengi wanaoteleza wanapita hapa. Uteleze, umeze, uchemshe mizizi, mimi natakiwa nikutibu, na tiba ni ile ile. Mimi si polisi. Ila ukinificha umetumia nini, nitahangaika na tumbo lako kama kipofu. Umeingiziwa kitu? Kijiti, mzizi?"

"Hapana! Wallahi hapana." Akameza mate. "Vidonge. Vya mdomoni."

"Haya. Sasa tunazungumza."

Hakumkemea. Sabra alikuwa amejiandaa kukemewa, amekaza mwili mzima kwa ajili hiyo, na kwa kuwa hakukemewa akaanza kulia.

"Huna homa," Yustina akaendelea, akimwachia alie. "Hakuna harufu, tumbo laini, mfuko wa uzazi umeshajikunja. Inaonekana hakuna kilichobaki. Damu ya hivi, nyepesi, inayoondoka na kurudi, inaweza kukaa wiki mbili, na kuna wanaofika mwezi. Ikiongezeka badala ya kupungua, urudi. Homa, urudi. Ukiendelea kujisikia mjamzito, kichefuchefu na matiti kuuma wiki zikipita, urudi vilevile, maana wakati mwingine mimba haitoki yote. Na mimba nyingine unaweza kuipata hata kabla hujaona hedhi, kwa hiyo ukitaka dawa ya kuzuia, sema."

"Sina mume, dada nesi."

Yustina akamtazama. "Hilo nalo halijawahi kuzuia," alisema, na Carlota akashindwa kujizuia, akacheka pale kwenye kiti.

Sabra hakucheka. "Nina swali. Nimetia chumvi. Kwenye chakula cha mama. Na damu hii hii. Sasa kifua kimembana, hapumui."

Yustina akakaa ukingoni mwa kitanda. Mngedhani angecheka. Watu wa kazi zao hucheka mambo haya.

"Mimi kwetu Masasi," alisema. "Mama yangu angejua nimetia chumvi nikiwa hivyo, asingekula hicho chakula, angekimwaga. Kwa hiyo nakuelewa. Lakini chumvi haiendi kifuani, mwanangu. Nimeona pumu nyingi hapa, sijaona ya chumvi. Mama yako ana kazi gani?"

"Anakaanga korosho."

"Basi! Unatafuta mchawi wa nini? Mlete leo leo apumue dawa, na hiyo korosho akae nayo mbali."

Walitoka pale Sabra akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ya vidonge. Njia nzima alimshika Carlota mkono. Alimwomba radhi kwa lile neno, na Carlota akasema yamepita, ingawa alisema akitazama mbele.

"Namchukua mama sasa hivi," Sabra akasema. "Namleta, anapumua dawa, anapona. Eda imekwisha, Rajabu hana lake. Nitatubu kwa Mungu peke yangu, polepole. Hakuna mtu mwingine anayehitaji kujua."

"Hewala," alisema Carlota.

Wakakata kona ya nyumba yao.

Baiskeli nyekundu ilikuwa imeegemezwa ukutani. Sabra aliijua kabla hajaifikia. Pampu imefungwa kwenye bomba lake, mahali pake pale pale.

Mkono wa kushoto, ule uliowahi kuvimba, ukaanza kumuuma.

"Usiingie," Carlota akanong'ona.

"Mama yumo ndani."

Akaingia.

Rajabu alikaa kwenye mkeka, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya, mpole kama maji mtungini. Kando yake Maalim Mohamedi, na mbele ya Maalim, juu ya marufaa ya mbao, Msahafu. Bi Sharifa ameegemea ukuta, anahema, ameuvuta ushungi mpaka kidevuni.

"Karibu, mke wangu," Rajabu akasema.

"Si mkeo!" Bi Sharifa akadakia, akakohoa. "Maalim, umesikia mtu huyu?"

Maalim akainua mkono. "Sabra, kaa. Mumeo, au aliyekuwa mumeo, amekuja na dai. Anasema anakurejea na eda haijaisha. Anasema ulikuwa na mimba."

Sabra akakaa.

"Dada yangu alimwona sokoni," alisema Rajabu, sauti ya chini, ya mtu mwenye subira. "Siyo mara moja. Anatafuna udongo. Mwanamke asiye na mimba anatafuna udongo wa nini? Mimi simlaumu, Maalim. Nataka mke wangu na mwanangu, basi."

Mwanangu. Neno lile lilimpata Sabra pale ambapo pampu haikuwahi kufika. Aliona aibu mbele ya mtu aliyemvunja vunja, na akaona aibu kwa kuona aibu mbele yake.

"Una mimba, Sabra?" Maalim akauliza.

"Sina, Maalim."

Na hilo lilikuwa kweli. Tazameni ukweli unavyoweza kuwa mchafu.

"Na hedhi tatu umeziona?"

Sabra akashika upindo wa mkeka.

"Ikiwa umeziona, weka mkono juu ya Msahafu, sema wallahi, na Rajabu aondoke. Mimi mwenyewe nitamtoa."

Sabra akautazama Msahafu. Damu alikuwa nayo, anaisikia. Katika hali ile mkono wake haukuwa na ruhusa ya kugusa hata jalada, sembuse kuapia uongo juu yake. Na akisema "sijatoharika", yote yamefumuka hapo hapo.

"Mbona hagusi?" Rajabu akauliza, bado kwa upole.

"Anaona haya, wewe huna haya!" Bi Sharifa akajivuta kutoka ukutani, mkono mmoja chini. "Mtoto wa watu aseme habari za damu yake mbele ya wanaume wawili? Hataapa. Nitaapa mimi."

"Bi Sharifa, wewe mgonjwa," Maalim akasema. "Kiapo ni kizito."

"Uzito gani? Mimi ndiye niliyetia chumvi, Maalim! Mara ya kwanza mkono huu. Mara ya pili mkono huu. Mara ya tatu mkono huu. Nani anayezijua siku zake kunishinda? Udhu ninao." Kifua kilikuwa kinampiga filimbi, kila neno alilivuta kwa nguvu. "Nikifa kesho, nife nimemuona mwanangu huru."

Akaupeleka mkono. Ulikuwa mweusi kwenye ncha za vidole kwa mafuta ya maganda ya korosho, ule mweusi usiotoka kwa sabuni. Akauweka juu ya Msahafu, akafumba macho.

"Wallahi..."

"Mama, usiape."

Alisema kwa sauti ndogo sana, lakini chumba kizima kilisikia. Maalim aliinamisha uso. Rajabu aliinua wake, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akatabasamu.

Bi Sharifa akafumbua macho. Hakumtazama Maalim, wala Rajabu.

"Kwa nini nisiape, Sabra?"

Sabra akasogea kwa magoti mpaka ubavuni kwa mama yake.

"Niambie hapa, au ninong'oneze sikioni," mama yake alisema, akitafuta pumzi. "Lakini mkono wangu siutoi hapa mpaka uniambie."